Kura kwa kilo au kura kwa mtu? Jibu kuhusu misingi ya ushirika na namna inavyobadilika

SWALI: Mimi ni mjumbe wa bodi ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa masoko ya mazao) ya kahawa mkoani Kilimanjaro. Katika mkutano mkuu uliopita, wanachama wanaoleta kahawa nyingi walipendekeza kura zihesabiwe kwa kilo, wakidai kwamba wao ndio wanaokibeba chama. Vijana nao walitaka tuongeze msingi wa nane wa ushirika, unaohusu mazingira. Mwenyekiti aliwajibu wote kwamba misingi ni saba, haiongezwi wala haipunguzwi. Je, ni kweli? Na kama inaweza kubadilika, ni nani mwenye haki ya kuibadilisha?

JIBU: Ndugu mjumbe, mwenyekiti wenu amepatia hesabu, lakini hoja yake haina nguvu. Misingi saba inayobandikwa kwenye kuta za ofisi za vyama vyetu ilipitishwa mwaka 1995 mjini Manchester, katika mkutano wa kuadhimisha miaka mia moja ya Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika, unaojulikana kwa kifupi kama ICA. Kabla ya hapo misingi ilikuwa sita, iliyopitishwa Vienna mwaka 1966, na kabla ya hiyo ilikuwepo orodha nyingine ya mwaka 1937, iliyopitishwa Paris, ambayo nayo ilikuwa na mambo saba, ila si saba hizi tulizonazo. Kwa hiyo katika muda usiozidi miaka sitini orodha iliandikwa mara tatu, na kila mara kuna kilichoachwa na kilichoongezwa. Tukitaka kujua kama pendekezo la wanachama wenu linakubalika, inafaa kwanza tutazame ni mambo gani yaliyobadilishwa na yapi hayakuguswa.

Chimbuko la orodha zote tatu ni duka dogo lililofunguliwa tarehe 21 Desemba 1844 katika mtaa wa Toad Lane, mjini Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Waanzilishi wake, wengi wao mafundi na wafumaji wa flaneli, waliuza unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa. Hawakuandika falsafa, waliandika masharti ya chama, na masharti mengi yalikuwa majibu ya matatizo waliyoyaona kwa macho. Bidhaa zilipaswa kuwa safi na vipimo sahihi kwa sababu wenye maduka wa wakati ule walichanganya unga na vitu vingine. Mauzo yalikuwa ya fedha taslimu tu, kwa sababu duka la ushirika lililowatangulia mjini humo lilikuwa limekufa mwaka 1835 kwa mzigo wa madeni ya wateja. Ziada iligawanywa kwa kadiri mtu alivyonunua, mtaji ulilipwa riba yenye kikomo, na kila mwanachama, mwanamume au mwanamke, mwenye hisa nyingi au chache, alikuwa na kura moja. Mwaka 1854 wakaanza kutenga asilimia 2.5 ya ziada kwa ajili ya elimu, fedha zilizolipia maktaba na chumba cha kusomea magazeti.

Sasa fuatilia yaliyotokea baadaye. Mwaka 1937 sharti la kuuza kwa taslimu lilikuwa bado limo kwenye orodha, ingawa ICA yenyewe iliiweka misingi minne ya kwanza katika daraja la lazima na mitatu, likiwamo hilo la taslimu, katika daraja la chini yake. Mwaka 1966 likaondolewa. Halikuweza kuwa sharti la ushirika wote wakati vyama vya akiba na mikopo, vilivyoanzia Ujerumani katika karne ya 19 kwa juhudi za kina Raiffeisen, vilikuwa vimekwisha kuenea duniani, na kazi ya vyama hivyo ni kukopesha. Msingi wa kutofungamana na siasa wala dini nao uliondolewa mwaka huohuo kama msingi unaojitegemea, na mahali pake pakaingia ushirikiano baina ya vyama vya ushirika vyenyewe. Mwaka 1995 yakaongezwa mawili: uhuru na kujitegemea, na kujali jamii, huku misingi miwili ya zamani, wa riba yenye kikomo na wa mgawo wa ziada, ikiunganishwa kuwa mmoja. Msingi wa uanachama wa hiari ukapanuliwa ukataja waziwazi kwamba ubaguzi wa jinsia haukubaliki.

Ambacho hakikuguswa katika safari yote hiyo ni kimoja: chama ni mali ya wale wanaokitumia, na wanakiongoza kwa utu wao, si kwa ukubwa wa mtaji wao. Njia za kulilinda jambo hilo zilibadilika kwa sababu mazingira yalibadilika. Hiki ndicho kipimo ninachokushauri ukitumie kwa pendekezo lolote litakalofika mezani kwenu. Uliza: likipita, uamuzi utabaki kwa mwanachama anayetumia chama, au utahamia kwa mwingine, awe mwenye fedha, meneja au serikali?

Nianze na kura za kilo, maana ndilo jambo lenye joto.

Wanachama wenu hawakulizua. Fonterra, ushirika mkubwa wa maziwa wa New Zealand ulioundwa mwaka 2001, huwapa wafugaji kura kulingana na kiasi cha maziwa wanachopeleka. Sheria ya ushirika ya Ujerumani nayo inaruhusu masharti ya chama kumpa mwanachama anayekiendeleza chama kwa namna ya pekee kura zaidi ya moja, kwa kawaida hadi tatu. Kwa hiyo mtu asiwaambie wanachama hao kwamba wanachokisema hakijawahi kusikika duniani. Watakwenda kutafuta, watakuta mifano, na bodi itaonekana haijui mambo.

Hata hivyo, soma vizuri msingi wa pili kama ulivyoandikwa mwaka 1995. Unasema kwamba katika vyama vya msingi wanachama wana haki sawa ya kura, yaani mwanachama mmoja kura moja, na kwamba vyama vya ngazi nyingine navyo huendeshwa kidemokrasia. Tofauti hiyo ya ngazi iliwekwa kwa makusudi. Katika chama kikuu, yaani kinachounganisha vyama vya msingi, AMCOS yenye wanachama elfu moja na nyingine yenye wanachama sabini zinaweza kupewa uzito tofauti wa kura bila kuuvunja msingi, kwa sababu nyuma ya kila mjumbe wamo watu, na kuwahesabu watu hao ni demokrasia. Lakini katika chama cha msingi anayepiga kura ni mtu mwenyewe. Sheria yetu ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 nayo inafuata kanuni hiyohiyo ya kura moja kwa mwanachama, kwa hiyo hata mkutano mkuu wenu ukipitisha kura za kilo kwa sauti moja, Mrajis wa Vyama vya Ushirika hataweza kuyasajili masharti hayo.

Sheria ni jibu fupi, na halitawaridhisha wanaolalamika, kwa kuwa malalamiko yao yana chembe ya haki. Mtu anayeleta kilo elfu mbili za kahawa ya maganda anabeba gharama na hatari kubwa kuliko anayeleta kilo thelathini. Ila ushirika ulikwisha kumwandalia malipo yake tangu Rochdale, nayo yako kwenye ziada. Anayekitumia chama zaidi hupata zaidi kupitia malipo ya pili na mgawo wa ziada unaofuata kilo alizoleta, na hilo ndilo kiini cha msingi wa tatu, wa ushiriki wa kiuchumi wa wanachama. Katika mafunzo ninayowapa wajumbe wa bodi nimeona mara nyingi kwamba wakulima wakubwa huanza kudai kura pale wanapokuwa hawajaona ziada kwa misimu kadhaa, au wanapokuwa hawajasomewa hesabu zilizokaguliwa. Kabla ya kuwajibu kuhusu kura, jiulizeni kama mmewalipa kile ambacho misingi tayari inawapa. Bodi isiyogawa ziada na isiyoeleza kwa nini haikuigawa haina uso wa kuwahubiria watu usawa.

Kuna kisa cha Rochdale ambacho hakisimuliwi sana kwenye semina. Mwaka 1854 wanaushirika wa mji huo walianzisha kiwanda cha pamba, na masharti yake yaliwapa wafanyakazi sehemu ya faida juu ya mishahara yao. Biashara ikanoga, wanahisa wapya wakamiminika, wengi wao wakifuata faida ya mtaji tu, na mwaka 1862 wakaufuta mgawo wa wafanyakazi. Kiwanda kikaendelea kufanya kazi kama kampuni nyingine yoyote ya pamba. Ushirika hauhitaji adui wa nje ili ufe. Unaweza kufa kwa kura halali, iwapo wanaopiga kura hizo si wale wanaokitumia chama.

Kisa hicho kinatufikisha kwenye jambo ambalo hukuliuliza, ila kwangu ni zito kuliko kura za kilo: nani hasa ni mwanachama wenu? Katika vyama vingi vya kahawa vya Kilimanjaro uanachama ulifuata umiliki wa kihamba, yaani shamba la familia la Wachagga, na kihamba kwa desturi kilikuwa cha mwanamume. Mama anayepalilia, anayechuma na anayekausha kahawa hayumo kwenye daftari la wanachama. Kijana anayesubiri kurithi naye hayumo, na akija kurithi huenda ana miaka hamsini. Vijana wenu waliozungumzia mazingira, je, ni wanachama wenye kura au walikuja kuwawakilisha baba zao? Msingi wa kwanza unasema chama kiwe wazi kwa kila anayeweza kutumia huduma zake na aliye tayari kubeba wajibu wa uanachama. Mkibadili masharti yenu ili sifa ya kuingia iwe kulima na kuleta mazao, badala ya kumiliki ardhi, mtakuwa mmeukuza msingi huo bila kuongeza hata neno moja kwenye orodha ya Manchester.

Kuhusu msingi wa nne, wa uhuru na kujitegemea, historia ya mkoa wenu inafundisha zaidi ya vitabu. Wakulima wa Kichagga walianzisha chama chao, KNPA (Kilimanjaro Native Planters Association), mwaka 1925, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo. Serikali ya kikoloni haikukipenda chama kilichoanza kuwa na sauti yake. Baada ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, nafasi ya KNPA ikachukuliwa na chama kikuu cha KNCU (Kilimanjaro Native Co-operative Union) mwaka 1933, na mwaka uliofuata ikatungwa kanuni ya kuwalazimisha Wachagga wote kuuza kahawa yao kupitia chama hicho. Mwaka 1937 hasira za wakulima zikalipuka, na vituo vya kukusanyia kahawa vikashambuliwa. Mwaka huohuo, kule Paris, wajumbe wa ICA walikuwa wakiandika kwamba uanachama uwe wazi na uongozi uwe wa kidemokrasia. Sidhani kama habari za Kilimanjaro ziliwafikia.

Baada ya Uhuru jambo hilo lilijirudia kwa sura nyingine. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji chenyewe kihesabiwe kuwa chama cha ushirika cha shughuli nyingi, hivyo mtu akawa mwanaushirika kwa kuishi tu mahali fulani. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu, na kazi zao zikahamia kwa mamlaka za mazao. Haikupita miaka mingi ikaonekana kwamba mamlaka hizo zina gharama kubwa na wakulima wanacheleweshewa malipo, ndipo sheria ya mwaka 1982 ikarudisha vyama, na sheria ya mwaka 1991 ikarejesha hiari ya mtu kujiunga. Nchi nyingi za Afrika, na za Ulaya ya Mashariki pia, zilikuwa na mikasa inayofanana na huu. Ndiyo maana ilipofika mwaka 1995 msingi wa uhuru na kujitegemea haukuwa pambo: uliandikwa na watu walioshuhudia vyama vikigeuzwa matawi ya serikali.

Je, msingi huo umetimia kwetu? Kwa sehemu. Usimamizi wa Mrajis na ukaguzi wa COASCO, shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika, una sababu zake, kwa kuwa wizi kwenye vyama vyetu si uvumi, na mkulima aliyeibiwa na bodi yake mwenyewe hafarijiki kusikia kwamba bodi hiyo ilichaguliwa kidemokrasia. Pale ambapo mkulima wa zao fulani analazimika kupitishia mazao yake kwenye AMCOS ili yaingie katika stakabadhi ghalani na mnadani, kama ilivyo kwa korosho, chama hupata kilo nyingi bila kupata wanachama. Bodi huzoea ushuru unaokuja wenyewe, na mkulima huzoea kukiona chama kama geti la kulipia. Mfumo wa mnada umewasaidia wengi kupata bei iliyo wazi, na sipendekezi uvunjwe. Ninachosema ni kwamba kila anayelazimika kupita kwenu aalikwe kuwa mwanachama, aelezwe haki zake, na akikataa isiwe kwa sababu kiingilio na hisa za kuanzia vimepandishwa mpaka hawezi kuvimudu.

Upande wa mtaji nao unaweza kubadilika bila kupoteza uongozi wa wanachama, na mfano mzuri uko kwa jirani zetu. Benki ya Ushirika ya Kenya iliingia kwenye soko la hisa la Nairobi mwaka 2008. Hatari ilikuwa dhahiri: vyama vilivyoijenga tangu miaka ya 1960 vingeweza kuuza hisa zao kimoja kimoja, na baada ya muda benki ingebaki na jina tu la ushirika. Walichofanya ni kuziweka hisa za vyama chini ya chama kimoja cha kuzishikilia, ambacho mpaka leo kina zaidi ya nusu ya hisa zote. Unaweza kubishana kama benki ya namna hiyo bado ni ushirika kamili, nami nina mashaka yangu, kwa kuwa mwenye akaunti wa kawaida hana kura. Lakini angalau swali la nani anashika usukani liliulizwa kabla ya fedha za wanunuzi wa hisa sokoni kuingia. Hapa kwetu Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025, na swali hilohilo litawafikia mtakapoalikwa kununua hisa zake.

Nije sasa kwa vijana na mazingira. Mjadala wao si wao peke yao. Mkutano wa ICA uliofanyika Seoul mwezi Desemba 2021 uliufungua rasmi mjadala wa kuitazama upya misingi, na tangu hapo wanachama wa ICA wamekuwa wakiulizwa maoni, mazingira yakiwa mojawapo ya mambo yanayojadiliwa kwa nguvu. Msingi wa saba uliopo tayari unasema kwamba vyama hufanya kazi kwa ajili ya maendeleo endelevu ya jamii zao kupitia sera zilizoidhinishwa na wanachama. Wapo wanaoona maneno hayo yanatosha na wapo wanaoona yamefichwa mno. Mimi naelekea kwa wa kwanza, kwa sababu sijaona chama kilichoshindwa kupanda miti ya kivuli kwa kukosa msingi wa nane. Nimeona vilivyoshindwa kwa kukosa fungu kwenye makisio.

Wala hakuna anayewazuia kuwa na msingi wenu wenyewe. Vyama vya Mondragon, katika nchi ya Wabaski huko Hispania, vilivyoanza mwaka 1956, vilijiandikia misingi kumi mwaka 1987, ukiwamo mshikamano wa mishahara, unaoweka kikomo cha tofauti kati ya kipato cha juu na cha chini. ICA haikuwafukuza. Nchini Italia sheria ya mwaka 1992 ilivitaka vyama kuchangia asilimia 3 ya faida ya kila mwaka kwenye mifuko ya kukuza ushirika mpya, na hivyo msingi wa ushirikiano baina ya vyama ukapata fedha za kutembelea. Ukiniuliza nani ana haki ya kubadilisha misingi, jibu ni kwamba tamko la kimataifa hubadilishwa na wanachama wa ICA, ambao ni mashirikisho na vyama vikubwa vya nchi mbalimbali, na sauti yenu hufika huko kupitia chama kikuu na shirikisho la taifa. Tamko hilo si sheria kwa nafsi yake. Lina nguvu kwa kuwa sheria za nchi nyingi zimelichukua, na kwa kuwa Shirika la Kazi Duniani lililiingiza katika Pendekezo lake namba 193 la mwaka 2002. Masharti ya chama chenu, kwa upande mwingine, ni yenu, mradi yasipingane na sheria.

Ningekuwa mjumbe wa bodi yenu, nguvu za hao vijana ningezielekeza kwenye jambo ambalo waandishi wa mwaka 1995 hawakuliona likija. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu mazao yanayotokana na ukataji wa misitu inataka kahawa inayoingia kwenye soko lake ijulikane imetoka shamba gani, kwa vipimo vya mahali shamba lilipo. Utekelezaji wake umekuwa ukiahirishwa, lakini wanunuzi wameanza kuomba taarifa hizo, na watu wenye vishikwambi wanapita kwenye vihamba wakipima mipaka. Taarifa hizo ni za nani? Akizishika mnunuzi peke yake, mkulima atakayetaka kumuuzia mwingine mwakani ataambiwa kahawa yake haina uthibitisho. Zikishikwa na chama kwa niaba ya wanachama, chama kinapata nguvu ya kupatana bei ambayo hakijawahi kuwa nayo. Hapo mazingira, uhuru na uongozi wa wanachama vinakutana katika sharti moja, na sharti hilo mnaweza kuliandika mwaka huu bila kusubiri mkutano wowote wa Ulaya au Asia.

Utaratibu wake mnaufahamu: bodi iandae rasimu, wanachama wapewe taarifa ya mkutano mkuu mapema pamoja na maneno kamili ya badiliko linalopendekezwa, mkutano upige kura, kisha badiliko lipelekwe kwa Mrajis, kwa kuwa halianzi kutumika mpaka lisajiliwe. Ningependekeza mambo matatu yaletwe kwenye mikutano yenu kwa mpangilio huu: kwanza taarifa ya ziada ya misimu mitatu iliyopita na namna ilivyogawanywa, ili hoja ya kura za kilo ijadiliwe penye takwimu, pili sharti jipya la sifa za uanachama, litakalowafungulia mlango akina mama na vijana wanaolima, na tatu sharti la taarifa za mashamba, lenye kusema kwamba taarifa hizo ni mali ya mwanachama, zinatunzwa na chama, na hazitolewi kwa mnunuzi yeyote bila idhini ya maandishi. La pili lipigiwe kura kabla ya la tatu, na mkutano wa kupitisha la tatu uitishwe baada ya wanachama wapya kuingia kwenye daftari, ili nao wawe na kura juu ya mashamba wanayoyalima.